Habari za Raj Kapoor, Mtengeneza Picha za Sinema

Katika gazeti hili la shule yetu tumekwisha kusoma habari za watu wengi mashuhuri: wafalme, wapelelezi wa nchi, washairi, na viongozi waliopigania uhuru. Habari za mtu aliyetengeneza picha za sinema sijaziona bado. Kwa hiyo namwomba Mhariri ruhusa niwaletee wasomaji maisha ya Raj Kapoor wa Bara Hindi. Jina lake lajulikana sana na wazee wetu wa Dar es Salaam, hasa wale wa Kariakoo na Uhindini, lakini vijana wengi wa rika langu hawamjui, ijapokuwa wamewasikia bibi zao wakiimba nyimbo za picha zake jikoni bila ya kujua maana ya maneno.

Yafaa kwanza nieleze nimezipataje habari hizi. Mama yangu ni fundi cherehani, nasi twakaa Kariakoo. Kila likizo ninapotoka bweni hunituma nivuke Mnazi Mmoja mpaka Kisutu, kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, nikanunue uzi, vifungo, zipu na bitana. Mzee huyo, ambaye mimi humwita Babu, amezaliwa papa hapa Dar es Salaam. Lugha ya nyumbani kwao ni Kikachi, na Kiswahili chake ni cha Pwani hasa. Kihindi hakufundishwa na mama yake wala na mwalimu. Alikipata akiwa kijana, kwa kukaa ndani ya nyumba za sinema za Avalon na Empire siku za Jumapili, akisikiliza wachezaji wakizungumza. Nami nilipomwomba anifundishe hakutoa kitabu. Alisema atanifundisha kwa njia ile ile aliyojifunza yeye: tutazungumza habari za watu waliotengeneza picha, na kila nijapo dukani nije na sentensi moja mpya kuhusu mmoja wao. Alianza na Raj Kapoor, na kusema kweli hatujafika mbali naye. Mehboob Khan na Guru Dutt wangali wanangoja zamu yao.

Raj Kapoor alizaliwa tarehe 14 Desemba 1924 katika mji wa Peshawar, ambao siku zile ulikuwa katika India iliyotawaliwa na Waingereza na leo umo katika Pakistan. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa mchezaji mkubwa wa tamthilia na sinema, mtu mwenye umbo la kifalme na sauti nzito. Wadogo zake wawili, Shammi na Shashi, nao walikuja kuwa wachezaji maarufu. Raj mwenyewe alionekana katika picha kwa mara ya kwanza mwaka 1935, akiwa mtoto wa miaka kumi. Shuleni hakung'ara, na mtihani wa kumaliza sekondari hakuufaulu. Hili naliandika kwa sababu ni kweli, wala sitaki mwanafunzi yeyote alichukue kuwa ni mfano, maana waalimu pia wasoma gazeti hili.

Baba yake hakumpa cheo. Alimwacha aanze chini kabisa, akafanya kazi kwa mtengeneza picha aitwaye Kidar Sharma. Kazi yake ilikuwa kushika ule ubao unaogongwa mbele ya kamera kabla ya kila kipande cha picha kupigwa. Raj alikuwa na tabia ya kuchana nywele zake na kujitazama mbele ya kamera kabla ya kuugonga. Siku moja aliugonga vibaya, ukanasa ndevu za bandia za mchezaji, zikabanduka mbele ya watu wote, na Kidar Sharma akampiga kofi. Lakini bwana huyo huyo ndiye aliyempa nafasi ya kwanza ya kuwa mchezaji mkuu, katika picha ya Neel Kamal ya mwaka 1947, pamoja na Madhubala.

Mwaka 1948 alianzisha kampuni yake mwenyewe, R.K. Films, akatengeneza picha yake ya kwanza, Aag. Hakuwa ametimiza miaka 24. Hapa ndipo Babu aliponipa sentensi yangu ya kwanza, nami nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo katika sarufi, maana bila ya hii sehemu iliyobaki haitaeleweka.

Raj Kapoor ne film banaayi hai.

Maana yake ni Raj Kapoor ametengeneza picha. Neno ne lamwonyesha mtenda kazi. Banaayi ni kutengeneza kuliko kwisha. Hai ni kama ni yetu, yaani jambo hilo lipo mpaka sasa. Mwalimu wetu wa Kiswahili huiita hali hii timilifu, nasi twaionyesha kwa -me-. Mtu akisema mtoto amelala, hasemi tu kwamba mtoto alipanda kitandani, asema pia kwamba hivi sasa yumo usingizini. Hai yafanya kazi hiyo hiyo. Ukiiondoa, ukasema banaayi peke yake, umesema alitengeneza, basi. Na ukiweka thi mahali pa hai, jambo lasogea nyuma zaidi, likawa limefungwa na kuachwa huko.

Lakini kuna ajabu moja iliyonifanya nikipende Kihindi. Majina yote ya lugha hiyo ni ya kiume au ya kike, na film ni ya kike. Raj Kapoor alikuwa mwanamume, na hata hivyo kitenzi kimevaa mwisho wa kike, banaayi. Kama angalijenga nyumba, ambayo ni ghar na ni neno la kiume, tungalisema banaaya. Vitenzi kama kuja na kwenda humfuata mtu mwenyewe: Nargis aayi hai, Nargis amekuja. Lakini mtu akiisha kufanya kitu, kitenzi humwacha yeye kikakifuata kile alichokifanya. Babu alinieleza jambo hili huku akipima mita tatu za bitana, akaona ni jambo la kawaida kabisa. Mimi nililifikiri njia nzima mpaka Mtaa wa Uhuru.

Picha ya Aag haikuleta fedha nyingi. Iliyomtajirisha ni Barsaat ya mwaka 1949, na kwa faida yake alijenga studio yake huko Chembur, Bombay. Alikuwa na bahati ya kupata wenzake wazuri, nao walikaa naye miaka mingi: Shankar na Jaikishan kwa muziki, Shailendra na Hasrat Jaipuri kwa maneno ya nyimbo, K. A. Abbas kwa visa, Radhu Karmakar kwa kamera, Nargis kwa kucheza. Nyimbo nyingi za Raj tunazozisikia ziliimbwa na Mukesh. Kwa hiyo sentensi Raj Kapoor ne gaana gaaya hai, Raj Kapoor ameimba wimbo, ni sahihi katika sarufi, lakini Babu huikataa kwa sababu si kweli. Kwake yeye sentensi yenye uongo haihesabiwi.

Sasa nafika katika Awaara ya mwaka 1951, nayo ndiyo nitakayoieleza kwa urefu. Awaara maana yake ni mzururaji, mtu asiye na kwao. Katika kisa hiki yuko jaji mkubwa, Raghunath, anayeamini kwamba mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema na mtoto wa mwizi atakuwa mwizi. Zamani alimhukumu mtu mmoja, Jagga, kwa imani hiyo tu, kwa kuwa baba yake alikuwa mhalifu. Jagga akawa jambazi kweli, akamteka mke wa jaji. Aliporudishwa akiwa na mimba, jaji alimshuku na kumfukuza. Mtoto alizaliwa njiani, akalelewa katika mitaa ya mafukara, na Jagga akamfundisha wizi kusudi, ili amwonyeshe jaji. Mtoto huyo ndiye Raj. Mwishoni anashtakiwa mahakamani, na anayemtetea ni Rita, binti aliyelelewa na jaji mwenyewe.

Jaji alichezwa na Prithviraj, baba yake Raj hasa. Raj wa utotoni alichezwa na Shashi, mdogo wake. Hata babu yao mzaa baba aonekana kidogo, amekaa kitini akiwa jaji. Basi ukoo mmoja uliingia katika picha moja kuuliza kama damu ndiyo inayomfanya mtu awe alivyo, na jibu la picha ni kwamba sivyo. Nimewauliza watu wazima kadhaa kama familia yao ingekubali kucheza kisa cha namna hiyo mbele ya ulimwengu. Wengi wamecheka tu.

Awaara ilikwenda mbali kuliko picha yoyote ya Kihindi iliyoitangulia. Mwaka 1954 ilionyeshwa katika Urusi ya Kisovieti, ikatazamwa na mamilioni ya watu, na Raj na Nargis walipofika Moscow walipokewa kama wageni wa serikali. Uturuki walitengeneza picha yao wenyewe kwa kisa hicho mwaka 1964. Zanzibar na Dar es Salaam ilirudishwa mara nyingi, miaka na miaka. Bibi yangu aliitazama katika miaka ya sitini, akiwa msichana, na aliyemsimulia maneno ni shoga yake wa Kihindi aliyekaa kiti cha pili. Asema wanawake walitoka wamelowesha kanga zao kwa machozi.

Kisa hiki kilinigusa kwa sababu yake. Katika ua wetu Kariakoo alikuwako kijana mmoja rafiki yangu. Baba yake alifungwa kwa wizi. Naye mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na minne, alichukua jora moja la kitambaa katika duka fulani, akakamatwa, akachapwa, jora likarudishwa. Tangu siku hiyo hakurudia, na sisi tuliokaa naye twajua. Lakini mtaani hakuna aliyesema kwamba aliiba. Walisema ameiba, hata baada ya miaka mitatu, kana kwamba jora lile lingali begani mwake. Mtu akipotelewa na ndoo, macho yote yalimgeukia yeye.

Likizo ya Desemba nikiwa kidato cha tatu, kijana huyo alikwenda Kisutu kuomba kazi ya kubeba mizigo kwa Babu. Babu alikuwa amesikia maneno ya watu. Nilipofika kununua vifungo aliniuliza habari zake, na aliniuliza kwa Kihindi, mbele ya kijana mwenyewe, ambaye hakuelewa hata neno moja. Usne chori ki hai? Je, ameiba? Chori ni wizi, nalo ni neno la kike, ndiyo maana ki. Niliona jinsi mkono wa kijana ulivyoshika ukingo wa meza ya duka. Kumkana nisingeweza, kwani jambo lilikuwa la kweli, na Babu hapendi sentensi ya uongo. Lakini nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, na moja lingemfukuza. Nilijibu: ki thi. Aliiba, huko nyuma, na imekwisha.

Babu alinyamaza, akaendelea kuhesabu vifungo vyangu mpaka dazeni ya nne. Kisha akamwambia kijana kwa Kiswahili kwamba duka hufunguliwa saa mbili na nusu. Yuko huko mpaka leo. Mama mmoja wa mtaa wetu angali asema kwamba Mzee wa Kisutu atajuta, nami sina dawa ya mama huyo.

Nirudi kwa Raj Kapoor. Mwaka 1955 alitengeneza Shree 420, habari za kijana mwaminifu aendaye Bombay kutafuta kazi na kufundishwa udanganyifu na matajiri. Hapo ndipo alipovaa zile suruali fupi na kofia kwa kumwiga Charlie Chaplin, akatembea barabarani akiimba kwamba nguo zake zimetoka nchi mbalimbali za dunia lakini moyo wake ni wa Kihindi. Mwaka 1964 ikaja Sangam, picha yake ya kwanza ya rangi, iliyopigwa kwa sehemu huko Ulaya.

Kisha akajitosa. Kwa muda wa miaka sita hivi alitengeneza Mera Naam Joker, habari za mchekeshaji wa sarakasi anayewachekesha watu na moyo wake umevunjika. Ilikuwa ndefu kupita saa nne, na mapumziko mara mbili. Alitia humo fedha zake zote na kuweka mali zake rehani. Ilipotolewa mwaka 1970 watazamaji waliikataa. Mwaka 1971 alifariki Jaikishan, mwaka 1972 akafariki baba yake, na Shailendra alikuwa amekwisha kufa tangu 1966, siku ile ile ya kuzaliwa kwake Raj, tarehe 14 Desemba. Mtu mwingine angalifunga studio. Yeye alimchukua mwanawe Rishi na msichana asiyejulikana, Dimple Kapadia, akatengeneza Bobby, kisa cha mapenzi ya vijana, na mwaka 1973 ikajaza nyumba za sinema kila mahali. Madeni yakalipika. Ajabu ni kwamba Mera Naam Joker, ile iliyomwangusha, leo yapendwa na wengi kuliko Bobby. Mimi nimeitazama kwa siku mbili, nami naona ingalipunguzwa saa moja, lakini sehemu ya kwanza, ya mvulana wa shule, ni nzuri kuliko chochote alichopata kukitengeneza.

Baada ya hapo alitengeneza picha tatu zaidi, ya mwisho mwaka 1985. Siku zote alisumbuliwa na pumu. Tarehe 2 Mei 1988 alikwenda New Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo kubwa kuliko zote za sinema nchini mwake. Alizidiwa ukumbini, akashindwa kupanda jukwaani, na Rais wa India, R. Venkataraman, akashuka yeye mwenyewe kumpa tuzo pale alipokaa. Alipelekwa hospitali, akakaa mwezi mzima, akafariki tarehe 2 Juni 1988, akiwa na miaka 63.

Juu ya kifo hiki tumekuwa na ubishi. Kiingereza, kama tulivyofundishwa, hakitaki hali timilifu kwa matendo ya mtu aliyekwisha kufa: huwezi kusema ametengeneza, ila alitengeneza. Nilimpelekea Babu sheria hiyo. Aliikataa. Kwake Raj Kapoor ne das filmein banaayi hain, ametengeneza picha kumi, nazo ni kumi mpaka leo, hakuna aliyepunguza hata moja. Na Kiswahili nakiona kiko upande wake, kwa kuwa twasema bila ya shida kwamba Shaaban Robert ameandika vitabu vingi, na tangu 1962 hayuko.

Mambo mengine, lakini, hata Babu huyatia thi. Studio ya Chembur iliungua mwaka 2017 na kuuzwa mwaka 2019. Nyumba za sinema za mjini kwetu, Avalon, Empire, Empress, Odeon na New Chox, zilidhoofishwa na video, kisha na televisheni iliyokuja Bara mwaka 1994, zikafungwa moja baada ya moja. Jina la Avalon limebaki katika jengo la Mtaa wa Zanaki, na wapitao chini yake hawaulizi limetoka wapi. Picha zenyewe hazikupotea. Kariakoo wako vijana wenye kompyuta kando ya barabara ambao watakutilia Awaara ndani ya flashi kwa bei ndogo, ukitaka na maneno ya Kiswahili ya msimulizi juu yake, ijapokuwa msimulizi huongeza mambo ambayo Raj Kapoor hakuyawaza.

Katika zile kumi mimi nimeona sita, zote nyuma ya meza ya duka la Kisutu, juu ya televisheni ndogo, tukisimamishwa na kila mnunuzi aingiaye. Siku hizi huyo kijana wa ua wetu husimama mlangoni akitazama nasi, na majina ya wachezaji amekwisha kuyajua kunishinda. Likizo ijayo ni zamu ya Sangam. Ni picha ya karibu saa nne, na mama amekwisha kuniambia kwamba vifungo visipofika nyumbani kabla ya magharibi, atamtuma mtu mwingine.